Figo ya Kabula

Kama umekaa hapo na karatasi ya daktari mkononi, na neno "kupandikiza" linakuzunguka kichwani, basi mimi nilikaa hapo kabla yako. Sitakueleza figo inafanyaje kazi. Hiyo nawaachia wenye makoti meupe. Nitakueleza yaliyonipata nilipokuwa Bwana Nyuki wa upande wa Sikonge, miaka ile ya vijiji vya ujamaa na foleni za sukari, ili ukiyakuta usidhani wewe ndiye wa kwanza.

Kwangu ugonjwa ulianza kwa asali. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na baiskeli katika misitu ya miyombo, nikiwafundisha watu kutundika mizinga na kurina bila kuchoma msitu. Asali nimeionja tangu utoto; naweza kufumba macho nikakwambia hii imetoka kwenye maua ya mti gani. Kiangazi kile, miyombo ilipoanza kuchipua majani mekundu kabla ya mvua, nililamba sega nikaonja chuma. Nikalamba jingine, chuma tena. Nikamwambia mzee mwenye mzinga kwamba ndoo yake ina kutu. Akanitazama kwa adabu tu, maana alikuwa amenipa asali ndani ya kibuyu.

Baada ya asali, viatu navyo vikanikataa. Miguu ilivimba jioni, halafu ikawa inaamka imevimba. Usingizi ukaanza kunifuata njiani. Nilikuwa nikiegesha baiskeli ili nipumzike kidogo, nikija kushtuka jua limehama upande wa pili wa barabara na watu wanapita na mizigo yao ya tumbaku wakinisalimu, nami siwezi kusema kama nimewaona kweli au nimewaota. Sikuogopa. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu, hauna kelele. Unakuchukua polepole, na wewe unaona raha ya kuchukuliwa.

Asubuhi moja mke wangu, Mama Shija, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Baba Shija, macho yako yamekwenda wapi?"

Kope zilikuwa zimevimba hata macho hayaonekani.

Dawa za miti nilikunywa pia, sitakudanganya. Zilinitapisha, nikazidi kukonda juu na kuvimba chini. Mwishowe Mama Shija akanipakia kwenye lori la tumbaku hadi Tabora mjini, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi ngumu kuliko zote za mgonjwa, yaani kukaa kwenye benchi. Benchi la hospitali lina maisha yake. Kuna mama anayenyonyesha, kuna mzee anayekohoa, kuna mtu aliyekuja na mkeka kabisa kwa sababu jana alirudishwa. Tulikuwa tukisogea pamoja, benchi zima, kila jina likiitwa. Ukikaa pale muda mrefu unaanza kuwapenda. Jifunze kwenda na kitu cha kufanya mikononi. Mimi nilikuwa nasuka kamba.

Daktari wa Tabora alinipeleka Dar es Salaam kwa treni, na masika yaliponikuta huko nilikuwa nimeshaambiwa. Figo zote mbili zimekufa. Nchini hapakuwa na wa kupandikiza. Serikali itanipeleka India, lakini sharti niende na mtu wa kunipa figo yake moja. Yule daktari wa Dar alikuwa mpole. Aliinama akanishika goti, akasema taratibu nisije nikakosea: "Si rafiki, si jirani. Lete ndugu wa damu."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo, ndugu wa damu, nimeyabeba vizuri kabisa.

Kwetu tulizaliwa wengi, tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu Kabula, aliyeolewa na Kapela, mkulima wa tumbaku ng'ambo ya Sikonge. Baba mdogo aliitisha kikao. Mimi nililala kwenye mkeka pembeni, nikisikia sauti zinakuja na kuondoka. Baba mdogo alieleza kwamba wataalamu wanataka kupandikiza.

"Kupandikiza najua," alisema shemeji Kapela. "Kila mwaka napandikiza miche. Lakini mche ukishang'olewa, pale kitaluni panabaki shimo. Mke wangu ana watoto wadogo. Hapana."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ndipo Maganga akasimama.

Maganga alikuwa mrina asali, mwenzangu wa porini. Tukiwa vijana tulichanjiana. Zamani, njia hii ya misafara ilipokuwa na watu, babu zetu walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani na kurudi, na mpagazi akifika nchi ya watu asiowajua alitafuta mtu wa kuchanjiana naye, ili apate mahali pa kulala bila kuuawa. Mnachanjwa kifuani, damu yako inapakwa kwenye kipande cha ini kilichochomwa, mwenzio anakula, na yake unakula wewe. Tangu hapo njaa yake ni njaa yako. Kwetu undugu huo una nguvu kuliko wa kuzaliwa, kwa sababu wa kuzaliwa hukuuchagua. Mimi na Maganga tulifanya hivyo mbele ya wazee, mwaka ambao alinitoa msituni mgongoni baada ya nyuki kunishambulia.

Maganga akafungua vifungo vya shati akaonyesha chale. "Wametaka ndugu wa damu. Mimi ni nani?"

Kikao kizima kikaitikia. Baba mdogo alishusha pumzi. Mama Shija alilia kwa furaha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa, na mimi ninayeandika haya nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheti. Hata Dar walipotuuliza tena, tuliwajibu kwa moyo mweupe kwamba ndiyo, ni ndugu wa damu, na ikaandikwa hivyo.

Safari ya ndege siikumbuki vizuri. Nakumbuka mawingu chini yetu, na Maganga akiniuliza kwa unyenyekevu kama yale ni maji.

Hospitali ile ya India ilikuwa na korido ndefu iliyojaa watu na harufu ya maua. Siku ya kwanza nimekaa kwenye benchi, benchi tena, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Mwangaluka!"

Nilidhani ni ndoto. Salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, katika nchi ile! Nikageuka nikamwona mama wa Kihindi mwenye sari ya kijani, anacheka. Alikuwa Mama Shirin, mwenye duka la vitambaa Tabora mjini, amemleta mumewe kwa ugonjwa uleule. Alitutambua kwa vikoti vyetu, maana kitambaa chake kilitoka dukani kwake. Kuanzia siku hiyo akawa mdomo wetu na masikio yetu. Ukienda ugenini kutibiwa, omba Mungu akupe Mama Shirin wako.

Vipimo vilichukua muda. Nilikuwa nimeunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mirija miwili mkononi, nikiitazama damu yangu inatoka, inazunguka, inarudi. Ukishuka pale unakuwa mwepesi na baridi. Na kiu! Maji nilipimiwa kikombe kidogo kwa siku. Mchana, feni ikizunguka darini, niliona wapagazi wanapita kati ya vitanda, mmoja nyuma ya mwingine, na pembe na mabunda begani, kengele zinalia miguuni. Kila mmoja aliinama akaniuliza kwa upole, "Maji yako wapi?" Nami nilikuwa naona aibu kwamba sijui. Baadaye niliambiwa ndoto za namna hiyo ni sumu ya ugonjwa. Huenda. Lakini walikuwa na adabu kuliko wengi waliokuja kunitazama.

Siku majibu yalipotoka, daktari, mzee mwenye miwani mizito, alitukalisha sote. Alizungumza na Mama Shirin kwa muda mrefu.

"Daktari anauliza," Mama Shirin akasema, "huyu ni ndugu yako wa damu?"

"Wa damu hasa," Maganga akajibu.

"Anasema katika damu zenu haoni undugu wowote. Anauliza mama yenu mmoja?"

"Mama? Hapana, mama kila mtu na wake."

"Baba mmoja?"

"Hapana, baba pia kila mtu na wake. Tumechanjiana." Akafungua tena shati.

Nikamtazama Mama Shirin. Alikuwa amezaliwa Tabora, alielewa yote kwa mara moja, na niliona uso wake unatafuta pa kujificha. Alipomtafsiria daktari, mzee yule alivua miwani akaishika. Hakufoka. Alimwita Maganga peke yake na Mama Shirin, akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha au kumwahidi kitu. Walipotoka, alikuwa amemshika Maganga bega. Akasema undugu ule anauheshimu, ila mwili wangu hauna adabu hiyo. Figo ya Maganga ungeitupa nje. Aje ndugu wa tumbo moja, au nirudi nyumbani.

Maganga alikaa kwenye benchi akatazama mikono yake. "Damu yangu imekosa nini?" aliniuliza. Nimechomwa sindano nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna iliyoniuma kama swali lile.

Kwa hiyo nakwambia mapema: ukiambiwa ndugu, uliza ndugu gani. Lugha yetu ina moyo mkubwa, inawakaribisha wote, na miaka ile hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu. Daktari wako anaweza kuwa na maana finyu. Uliza mpaka uonekane mjinga.

Maganga akarudi nyumbani. Mimi nikabaki na mashine, na wapagazi, na Mama Shirin, aliyekuwa akiniletea wali usio na chumvi na kuniomba msamaha kwa ajili ya wali huo. Mumewe alipandikizwa kabla yangu, akapewa figo na kaka yake. Ilifanya kazi siku chache ikagoma, na mumewe akarudishwa kwenye mashine. Nakuandikia na hilo, kwa sababu wako watakaokuficha. Kuna figo zinazokataa, na si kosa la aliyetoa wala la aliyepokea. Mama Shirin alilia nyuma ya pazia, akanawa uso, akaja kunitafsiria kama kawaida.

Nyumbani, haya niliyasikia baadaye, Maganga hakupita hata kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji Kapela, akaweka jembe chini uani. Wakati huo vitalu vya tumbaku vilikuwa vimeshaota, mvua zinakaribia.

"Ulisema mche uking'olewa panabaki shimo," akamwambia. "Nimekuja kulijaza. Nitalima, nitapandikiza, nitakata kuni za kukaushia, mpaka Kabula arudi na apone. Watoto nitawachotea maji mwenyewe."

Kapela alimwangalia siku kadhaa, akaona mtu hana mzaha. Akakubali. Habari ikapelekwa Tabora dukani kwa akina Mama Shirin, na kutoka dukani telegramu ikanifikia mimi.

Kabula alifika akiwa amevaa kanga mpya na sweta la mtu mwingine. Aliponiona hakulia. Alinitazama kuanzia miguu, akafika usoni, akasema, "Kaka, wamekuchakaza." Halafu akaanza kunichana nywele.

Vipimo vyake vilikuja vizuri, nikasikia kwa Mama Shirin. Halafu pakawa kimya. Kila nikiuliza lini, naambiwa bado kuna kipimo kimoja hakijakamilika. Siku zilikuwa zikipita kama maji ya mtoni wakati wa ukame, huoni kama yanakwenda. Kabula alikuwa akija kila asubuhi kukaa kitandani kwangu, namsimulia habari za nyuki, yeye anasikiliza huku anashona. Nikafikiri labda naye ana tatizo wanalonificha. Nikaanza kuagana na vitu kimoja kimoja kichwani: baiskeli, msitu, Mama Shija, mtoto wangu Shija.

Kisha asubuhi moja wakaja na kitanda cha magurudumu.

Nilipozinduka nilikuwa na uzito mgeni chini ya tumbo, karibu na nyonga. Huko ndiko wanakoiweka. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa mbali, yakisema na mtu mwingine. Nesi aliinua mfuko wa plastiki kwenye mwanga akautikisa mbele ya macho yangu. Ulikuwa umejaa, wa manjano safi kabisa.

"Hongera, baba," Mama Shirin akasema kutoka mlangoni, kwa sababu ndani haruhusiwi. "Umekojoa!"

Nililia mbele za watu, mtu mzima, kwa ajili ya mkojo wangu. Na walipoanza kunipa maji, nilikunywa gilasi moja taratibu, nikifumba macho, nikasikia utamu wake wote. Wapagazi hawakurudi tena. Siku nyingine nawakumbuka.

Usidhani ukishapandikizwa umemaliza. Nilipewa vidonge vya kuulaza mwili ili usimfukuze mgeni. Vilinivimbisha mashavu mpaka yakawa maandazi, na mikono ikawa inatetemeka. Mama Shija aliponipokea stesheni Tabora, wakati wa mavuno, alinipita akaenda kumtafuta mumewe kwenye behewa la nyuma. Njaa nilikuwa nayo kama ya mchimba kisima. Kila homa ilikuwa mtihani. Mara moja mkojo ulipungua na uzito ukapanda, wakaniongezea dozi, na nilikaa siku zile nimeshika tumbo langu kwa viganja viwili nikilibembeleza. Usiruke kidonge hata siku moja, hata ukijisikia simba. Vikikaribia kwisha, anza kupiga kelele mapema. Mimi vyangu vilitoka Dar, na mara nyingi vilifika vimefungwa katikati ya vitambaa vya duka la Mama Shirin. Maji chemsha. Kaa mbali na wanaokohoa, hata kama ni wajomba. Na aliyekupa naye apimwe kila mwaka, kwa maana wote watakuuliza hali yako wewe, na yeye watamsahau.

Maganga? Alimaliza msimu mzima kwa Kapela. Tumbaku ya mwaka ule ilikuwa nzuri kuliko zote, na Kapela hadi leo anamwomba arudi. Kila nilipokaa na watu nilisimulia habari ya jembe lile uani, na watu walifuta machozi.

Nilikuwa naisimulia tena siku moja bani kwa Kabula, yaani banda lao la kukaushia tumbaku, tukichambua majani, ya rangi nzuri huku, yaliyoungua kule. Alikuwa amepona, kovu lake refu ubavuni linawasha tu mvua ikikaribia.

"Bila jembe la Maganga," nikasema, "leo ningekuwa udongoni."

Kabula hakuinua uso. "Kaka, unajua kwamba nilikataa?"

Nikafikiri sijasikia vizuri.

"Kule India. Yule mzee wa miwani aliniita peke yangu na Mama Shirin. Akasema, mama, ukisema hapana, hapana yako inabaki humu ndani. Kaka yako ataambiwa kuna kipimo hakijakamilika. Nikasema hapana."

Ndizo zile siku zilizokuwa haziendi. Nilishika jani mkononi nikasahau la kulifanyia.

"Kwa nini, Kabula?"

"Kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza." Alisema bila hasira, anaendelea kupanga majani. "Kwenye kikao mume wangu alikataa, sikuulizwa. Maganga akaja na jembe, mume wangu akakubali, sikuulizwa. Nikabadilishwa kwa mlimaji, nikapandishwa ndege. Wote mlikuwa watu wazuri. Basi niliposikia swali, nikataka kwanza nijue kama ninaweza kusema hapana."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa nayo. Nikala wali wao usio na ladha, nikafua kanga zangu, nakuja kwako unanisimulia nyuki, hujui lolote. Nikaona hapana ni yangu kweli, hakuna wa kuninyang'anya. Asubuhi moja nikaamka nimeshaitumia vya kutosha. Nikaenda mwenyewe mlangoni kwa daktari. Mama Shirin hakuwepo. Nikamwonyesha kwa kidole, hapa." Akajigusa ubavuni.

Nilitaka kumshukuru, na yote yaliyonijia mdomoni niliona ni madogo. Nikasema Mungu ambariki, yeye, na Kapela, na Maganga.

"Acha Kapela. Acha Maganga," akasema, na sasa alinitazama. "Figo nani alikupa?"

"Wewe."

"Sema vizuri."

"Ulinipa wewe, Kabula."

"Haya," akasema, akanivutia rundo jingine la majani.